Kura 184 za Hapana: Norwei, 1905

Mwandishi wa habari akiona kura zimefika asilimia 99.9, kwanza anacheka. Halafu anauliza nani alihesabu. Mimi nilifanya hivyo hivyo nilipokutana na matokeo ya Norwei ya tarehe 13 Agosti 1905. Waliotaka Muungano na Uswidi uvunjwe: 368,208. Waliokataa: 184. Nchi nzima, watu 184 tu!

Kumbe kura haikuibiwa. Tuanzie nyuma kidogo.

Mwaka 1814 Denmark, iliyokuwa upande wa Napoleon, ilishindwa vita ikalazimika kumwachia mfalme wa Uswidi nchi ya Norwei. Wanorwei wakawahi kujiandikia katiba pale Eidsvoll. Vita fupi ikapiganwa, kisha yakafikiwa makubaliano: mfalme mmoja, mabunge mawili, na mambo ya nje yaendeshwe kutoka Stockholm.

Hapo kwenye mambo ya nje ndipo palipouma. Norwei iliishi kwa bahari na meli zake za biashara zilifika kila pembe ya dunia, lakini haikuwa na makonsula wake yenyewe. Mei 1905 Bunge likapitisha sheria ya kuwaanzisha. Mfalme Oscar II akakataa kuitia saini. Serikali ya Christian Michelsen, tajiri wa meli kutoka Bergen, ikajiuzulu. Mfalme akakataa na hilo pia, akisema kwa wakati ule hawezi kupata serikali nyingine.

Alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Tarehe 7 Juni Bunge likatoa azimio: kwa kuwa mfalme ameshindwa kuipa nchi serikali, mamlaka yake ya kifalme yamekoma, na kwa sababu hiyo Muungano chini ya mfalme mmoja umevunjika. Walioisoma sentensi ile kwa Kinorwei wanajua kichekesho chake: kuvunjika kwa Muungano kumewekwa kwenye kishazi tegemezi, kama jambo la kupitia tu. Miaka 90 ikaisha hivyo.

Uswidi ilikasirika, ikataka wananchi wenyewe waulizwe. Ndipo ikapigwa ile kura ya Agosti. Walioruhusiwa kupiga walikuwa wanaume peke yao. Wanawake waliomba nao washiriki, wakakataliwa. Basi wakachukua karatasi wakaanza kuzunguka kukusanya saini, na kwa wiki chache tu wakapata zaidi ya 240,000, wakazipeleka bungeni. Hazikuhesabiwa kama kura, lakini hakuna aliyeweza kusema hazikuonekana.

Hata hivyo, kura peke yake haikuzuia hatari. Mwishoni mwa Agosti wajumbe wa pande mbili walikutana Karlstad, na wakati wanajadiliana majeshi yalikuwa yameshawekwa tayari mpakani. Norwei ikakubali kubomoa baadhi ya ngome zake za mpakani, jambo lililowauma wengi. Tarehe 26 Oktoba Oscar akaachia rasmi. Hakuna vita iliyopiganwa.

Ikabaki kutafuta mkuu wa nchi. Mwanamfalme Carl wa Denmark aliombwa, lakini akaweka sharti kwamba wananchi waulizwe kwanza, maana waliotaka jamhuri walikuwepo. Novemba wakaulizwa: 259,563 wakasema ndiyo, 69,264 wakasema hapana. Tarehe 25 Novemba akateremka Kristiania, leo Oslo, amembeba mwanawe wa miaka miwili, kwa jina jipya la Haakon VII.

Ukilinganisha kura hizo mbili, utaona kwa nini ile ya kwanza inaaminika. Watu wale wale walijua kugawanyika walipoona sababu ya kugawanyika.

Lakini swali langu la mwanzo, nani alihesabu, lilikuwa pungufu. Nilipaswa kuuliza pia nani hakuhesabiwa. Wanawake wa Norwei walipata haki kamili ya kupiga kura za bunge mwaka 1913, miaka minane baada ya kupeleka zile karatasi.