Mafuriko na Gharika: Lugha, Historia na Kinga katika Bonde la Rufiji



Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi tunayatumia kana kwamba ni neno moja: mafuriko na gharika. Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kuwa historia ya bonde la Rufiji, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kuyachanganya maneno hayo.

Tuanze na maumbo yake. Nomino mafuriko imetokana na kitenzi furika, na ndani yake tunauona mzizi wa fura, yaani kuvimba. Mto umevimba ukapita kingo zake. Neno lenyewe halisemi lolote kuhusu hasara. Gharika limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzama majini, na ndilo tunalolitumia katika habari ya Nabii Nuhu. La kwanza linataja tendo la mto. La pili linataja yanayompata mwanadamu. Hivyo basi, swali la kihistoria ni hili: ni wakati gani mafuriko hugeuka kuwa gharika?

Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na kwa kawaida hufurika kati ya Machi na Mei. Mkulima wa bondeni alipanda mpunga mapema ili uwe umerefuka kabla maji hayajafika. Maji yalipopungua, alipanda mahindi, kunde na pamba katika udongo wenye unyevu. Kilimo hicho cha pili huitwa mlao; H. Marsland, aliyekiandikia makala mwaka 1938, aliliendeleza neno hilo mlau. Mwaka wa maji mengi uliweza kuangamiza mpunga, lakini ulipanua eneo la mlao. Mwaka usio na mafuriko nao ulikuwa na njaa yake.

Makazi yalifuata hesabu hiyohiyo. Shambani palijengwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima alilala akilinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege, huku maji yakipita chini yake. Mji wa Utete nao ulijengwa kwenye mwinuko wa ukingo wa kusini. Watu walikaa juu, wakalima chini.

Wataalamu wa serikali ya kikoloni waliliona bonde kwa jicho jingine. Ripoti ya Alexander Telford ya mwaka 1929 ilipima uwezekano wa kuliendeleza kwa kilimo kikubwa, na tangu hapo fikra ya kuudhibiti mto haikutoka katika mipango. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali huru iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya miinuko. Nia haikuwa mbaya: usalama, shule, zahanati na maji safi. Lakini ardhi ya juu ilikuwa ya kichanga, na mashamba yenye rutuba yalibaki kule kule bondeni. Wakulima walilazimika kutembea mwendo mrefu, au kurudi kuishi katika madungu msimu mzima. Walikingwa dhidi ya gharika kwa kutengwa na mafuriko.

Kinga ya zama zetu ni Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Ujazaji wake ulianza Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukapatikana Februari 2024. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na Muhoro, palipokuwa na kituo cha utawala wa Wajerumani, haukusalimika. Serikali ilieleza kuwa bwawa lilipunguza makali ya maji. Wakazi wengi waliyahusisha mafuriko hayo na maji yaliyofunguliwa bwawani. Sikusudii kuamua shauri hilo. Ninachotaka tukione ni kwamba mafuriko, ambayo zamani yalikuwa tendo la mto, sasa kwa sehemu ni uamuzi wa binadamu, na uamuzi huwa na mwenyewe.

Kutokana na hayo, kinga ya kweli haina budi kutimiza mambo mawili: kuwaepusha watu na gharika, na kuwaachia mafuriko yanayorutubisha mlao. Anayefungua milango ya bwawa anapaswa kuijua kalenda ya mpunga, na tangazo lake limfikie aliye dunguni kabla ya maji. Lugha imekwisha kutuwekea mpaka kati ya maneno haya mawili. Tukiufuta katika mipango yetu, atakayelipa ni mkulima wa bondeni.