Kasenyi na Tchomia: njia ya watalii iliyogeuka njia ya wakimbizi

Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Kyangwali, Uganda, au katika kambi ya wahamaji ya Kigonze hapa Bunia, anaijua Tchomia kwa habari moja tu: ni kule wazazi walikotoka mbio. Akisikia neno ziwa, anafikiri pirogi iliyojaa kupita kiasi, usiku, na watu waliozama. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini kabla yake kuna nyingine ndefu zaidi, ambayo wazee wachache tu wanaikumbuka. Kulikuwa na wakati ambapo watu walisafiri kutoka Ulaya na Marekani, wakalipa pesa nyingi, ili wavuke ziwa hili hili na kushuka kwenye mwambao huu huu wakitembea tu na kutazama.

Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa kilomita 30 hivi. Wanyoro wa ng'ambo wanaliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige. Watu walilivuka tangu zamani kwa biashara. Huko Kibiro, upande wa Uganda, kuna chemchemi za maji ya moto ambako wanawake wamechemsha chumvi kwa mamia ya miaka, na chumvi hiyo iliuzwa pande zote za ziwa. Kwa hiyo pirogi hazikungoja Mzungu ndipo zijue njia.

Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona ziwa hili alikuwa Mwingereza Samuel Baker. Alifika ufuko wa mashariki mwezi wa Machi 1864 pamoja na Florence, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Alilipa jina la Albert, mume wa malkia wa Uingereza, aliyekuwa amekufa mwaka 1861. Kutoka kule aliona milima ya upande wa Kongo ikiwa ya buluu kwa ajili ya umbali, na mpaka leo ramani za Kifaransa zinaiita Monts Bleus. Ndiyo milima anayoiona mkimbizi aliyeketi Sebagoro au Hoima akitazama magharibi.

Kiswahili nacho kilifika na wasafiri. Stanley alipofika kwenye ziwa mwezi wa Desemba 1887, akimtafuta Emin Pasha, msafara wake ulikuwa umeanza na watu zaidi ya 600 walioandikwa kazi Unguja. Wengi wao walikufa njiani katika msitu wa Ituri. Emin alikuja kutoka Wadelai kwa meli ya moshi iliyoitwa Khedive, na wawili hao wakakutana mwezi wa Aprili 1888 kwenye ufuko huu wa magharibi, chini ya kijiji cha chifu Kavalli. Vitabu vimejaa majina ya wakubwa hao wawili. Wapagazi waliobeba mizigo na kupandisha mteremko hawakuandikwa, isipokuwa wachache.

Baada ya hapo wageni wa namna nyingine walianza kupita. Winston Churchill, akiwa bado waziri mdogo, alipita Uganda mwaka 1907 akielekea mto Nili. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani, alipanda chombo Butiaba mwezi wa Januari 1910, akaenda kuwinda vifaru chini ya mto. Butiaba, ng'ambo ya Tchomia upande wa kaskazini-mashariki, ikawa bandari kubwa ya ziwa upande wa Waingereza. Upande wa Wabelgiji bandari zilikuwa Kasenyi, kwa ajili ya Bunia na Irumu, na Mahagi-Port kule kaskazini.

Sababu ya kwanza ya bandari hizo haikuwa utalii. Ilikuwa dhahabu. Machimbo ya Kilo yalikuwa yameanza mwaka 1905, na yalihitaji mashine, chuma, saruji na nguo. Kuvileta kutoka Matadi kwa mto Kongo na barabara za msituni kulikuwa kazi ndefu. Njia ya Mombasa ilikuwa fupi zaidi: gari moshi, meli ya ziwa Kyoga, motokari, kisha meli ya ziwa Albert. Mizigo ilipofunguliwa njia, watalii waliifuata.

Safari yenyewe ilikwenda hivi. Mgeni alishuka Mombasa na kupanda gari moshi mpaka Jinja, kisha Namasagali. Pale alipanda meli na kuvuka ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Motokari ilimpeleka Masindi, ambako shirika la reli lilikuwa na hoteli, kisha ikateremka Butiaba. Kuanzia mwaka 1930 meli iliyomngoja pale iliitwa Robert Coryndon, kwa jina la gavana wa zamani wa Uganda. Ilitengenezwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa ufukoni. Ilikuwa na vyumba vya kulala, na wasafiri walisifu vitabu vilivyokuwa ndani yake. Upande mmoja ilikwenda kwenye mto Nili, ambako watu walitazama viboko, mamba na maporomoko ya Murchison. Upande mwingine ilivuka kuja Kongo.

Aliyeshuka Kasenyi alikuwa kwenye mita zipatazo 619 juu ya usawa wa bahari, penye joto kali na harufu ya samaki. Alipanda motokari na kukata mteremko, kona baada ya kona, mpaka Bogoro, kisha Bunia, karibu mita 1,275. Wageni walisimama juu ya mteremko kutazama nyuma: ziwa lote chini, mashua kama mbegu, na Uganda ng'ambo. Kutoka Bunia barabara ilishuka Irumu na mbele yake ikagawanyika. Waliokwenda kusini waliona mapango na maporomoko ya mlima Hoyo, kisha Beni na Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo inaitwa Virunga. Waliokwenda magharibi waliingia msitu mkubwa mpaka mto Epulu, ambako Mmarekani Patrick Putnam alipokea wageni katika kambi yake mpaka alipokufa mwaka 1953. Huko waliwaona Wambuti na, baadaye, okapi waliofugwa katika kituo.

Safari hiyo isisifiwe kupita kiasi. Barabara za Kongo zilitengenezwa na kutunzwa kwa kazi za lazima, na mzee wa kijiji aliyekosa kutoa watu aliadhibiwa. Mgeni aliyepiga picha juu ya mteremko alikuwa amesimama juu ya jasho la watu ambao wao hawakuruhusiwa kulala katika hoteli ileile. Hata hivyo wenyeji walipata riziki: kuuza samaki na kuku, kubeba mizigo, kupika, kuendesha motokari. Tchomia, jirani wa Kasenyi, ilikua kwa samaki. Sangara, ambaye Kongo anaitwa kapiteni, ni mwenyeji wa ziwa hili tangu zamani. Katika ziwa Victoria aliletwa na watu miaka ya 1950.

Mwisho wa meli ulikuja kwa haraka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na wageni wengi waliacha kupita. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka hiyo ya 1960 zilijaza maziwa ya Afrika Mashariki, maji yakafunika bandari ya Butiaba, na Robert Coryndon ikazama palepale. Haikuinuliwa tena. Mwaka 1964 vita vya Simba vilifunga barabara za upande huu. Ziwa likabaki na wenyewe: wavuvi, wanawake wa kukausha na kutia samaki chumvi, na wafanyabiashara wa pirogi za injini waendao Ntoroko na Hoima.

Halafu njia ya watalii ikawa njia ya vita. Bogoro, pale wageni walipopita wakitoka mteremkoni, ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na raia wengi waliuawa. Kwa ajili ya siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014. Tarehe 31 Mei 2003 ilikuwa zamu ya Tchomia, na hata wagonjwa hospitalini hawakuachwa. Mwanzoni mwa mwaka 2018 vijiji vya Djugu vilichomwa tena, na makumi ya maelfu ya watu walishuka kwenye mwambao na kupanda pirogi za wavuvi kwenda Sebagoro. Baadhi walizama. Waliofika walikutana na kipindupindu Kyangwali mwezi huohuo wa Februari. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena na kuingia katika nyumba za ufukoni, kama lilivyofanya siku za Robert Coryndon.

Historia hii ina kazi leo. Mahali pakitajwa kwa vifo tu, watu huanza kupaona kama pasiporudiwa, na shamba la aliyekimbia hupata mwenyewe mpya. Familia iliyo kambini inayoweza kumwambia mtoto, hapa palikuwa gati ya Kasenyi, hapa babu aliuza kapiteni, hapa motokari zilipumzika kabla ya kupanda Bogoro, inamwachia mtoto kitu cha kudai siku amani itakapokuja. Mgeni naye atakuwa na mengi ya kutazama: pirogi zikirudi alfajiri, soko la samaki la Tchomia, mteremko, na jua likizama nyuma ya Monts Bleus.

Vitabu vya wageni vimehifadhi majina ya meli na ya magavana. Majina ya nahodha wa pirogi, wapishi, madereva na akina mama wa sokoni yako vichwani mwa wazee walio Kyangwali, Kigonze na Tchomia yenyewe. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Mwenye mzee nyumbani na amwulize sasa, na mwenye daftari na aandike.