Nani aliwahesabu? Miaka 30 ya ugomvi wa namba Washington

Oktoba 16, 2025 ilitimia miaka 30 tangu wanaume weusi wa Marekani wafurike jijini Washington kuitikia wito wa Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam. Mkusanyiko huo uliitwa Million Man March, maandamano ya wanaume milioni moja, na fitina ilianzia kwenye jina hilo. Namba ilitangazwa kabla mtu hata mmoja hajapanda basi kwenda huko. Siku yenyewe Rosa Parks alizungumza, Maya Angelou akasoma shairi, na Farrakhan akahutubia kwa zaidi ya saa mbili. Hayo yameandikwa sana. Ambalo halijaisha kubishaniwa ni swali la idadi: walikuwa wangapi?

Kwa miaka mingi jibu la swali kama hilo lilitoka kinywani mwa polisi. Afisa alitazama, akataja namba, magazeti yakaichapa. Maandamano ya Agosti 1963, yale ambayo Martin Luther King alihutubia, yameingia kwenye vitabu kwa watu wapatao 250,000, na wachache wanauliza namba hiyo ilipatikanaje.

Aliyeuliza ni mwandishi wa habari. Herbert Jacobs alifanya kazi magazetini kwa miaka mingi katika jimbo la Wisconsin, na wapenzi wa usanifu wanamkumbuka kwa sababu nyingine: ndiye aliyejengewa na Frank Lloyd Wright nyumba ya gharama nafuu mjini Madison mwaka 1937. Baadaye alikwenda kufundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Miaka ya 1960 wanafunzi wa hapo walikuwa hawaishi kukusanyika uwanjani, na ofisi ya Jacobs ilikuwa juu, inatazama uwanja wenyewe. Sakafu ya uwanja ilikuwa ya zege lililogawanywa kwa mistari, kwa hiyo alihesabu vichwa ndani ya miraba michache, akapata wastani, akazidisha kwa idadi ya miraba iliyojaa.

Kutokana na hesabu hizo akaweka vipimo ambavyo vinatumika hadi leo. Umati uliolegea, ambamo mtu ananyoosha mkono bila kumgusa jirani, una mtu mmoja hivi kwa kila mita ya mraba. Uliobanana kiasi una watu wawili na ushee. Uliosongamana kabisa, bega kwa bega na kifua kwa mgongo, unafika wanne na zaidi kidogo. Mwaka 1967 alichapisha njia hiyo ili waandishi wenzake waache kuokota namba kwa waandaaji na polisi.

Mjini Washington, kwenye uwanja mrefu wa National Mall unaotazamana na jengo la Bunge, kazi ya kukadiria ilikuwa ya polisi wa hifadhi, walio chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Njia yao ilikuwa ndugu na ya Jacobs. Walipiga picha kutoka helikopta, wakaugawa uwanja vipande, kisha wakakadiria kila kipande kimejaa kiasi gani. Oktoba 1995 walifanya hivyohivyo na wakatoka na watu 400,000.

Namba hiyo iliwasha moto. Ilizidi ile ya 1963 kwa watu 150,000, na kama mkusanyiko ungekuwa na jina jingine lolote, ingepokewa kwa vigelegele. Lakini watu walikuwa wameahidiwa milioni. Farrakhan aliwashutumu waliohesabu kwa ubaguzi na akatishia kuipeleka idara hiyo mahakamani. Nayo idara ikasimama na namba yake.

Hapo ndipo anapoingia Farouk El-Baz, Mwafrika aliyezaliwa Misri. Ni mwanajiolojia aliyeshiriki kuchagua mahali ambapo vyombo vya Apollo vingetua mwezini, na maisha yake mengine ameyatumia kusoma majangwa kwa picha za satelaiti. Wakati ule aliongoza kituo cha Chuo Kikuu cha Boston kinachochunguza ardhi kwa picha zilizopigwa kutoka mbali. Mtu aliyezoea kupima matuta ya mchanga kwa picha za angani hakuona ajabu kupima umati wa watu. Yeye na wenzake waliziingiza picha kwenye kompyuta, wakazigawa miraba midogo, wakatenga sehemu zilizojaa na sehemu zilizo wazi, wakahesabu.

Jibu lao la kwanza lilikuwa watu 870,000, na walisema wazi kwamba linaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 25. Kisha idara ikawapa picha zake za asili. Wakarudia hesabu na kushuka hadi 837,000, safari hii wakiruhusu tofauti ya asilimia 20. Kwa hesabu hiyo ya pili, umati ulikuwa kati ya watu 670,000 hivi na milioni moja na kidogo.

Nani alishinda? Milioni ya waandaaji ilikuwa imo ndani ya mipaka ya Boston. Lakini kuwamo si kuthibitishwa, maana milioni ilikuwa ukingoni kabisa mwa kile kilichowezekana. Ile 400,000, kwa upande wake, ilibaki nje kabisa ya mipaka hiyo. Kwa maoni yangu thamani ya kazi ya El-Baz iko kwenye zile asilimia. Alikuwa mtu pekee katika ugomvi ule aliyetaja namba na hapohapo akataja jinsi anavyoweza kuwa amekosea, na namba yake ilipopungua hakuificha.

Bunge la Marekani lilipata dawa ya ugomvi huo. Mwaka 1996, katika kupanga bajeti, idara ilikatazwa kutumia fedha kuhesabu watu kwenye mikusanyiko ya National Mall. Anayetaka namba, wabunge wakasema, aajiri kampuni binafsi. Amani ikapatikana idarani, lakini mhesabuji asiye na chama akawa ameondolewa uwanjani. Ukimwachia mwandaaji alete namba aliyoilipia mwenyewe, umeipeleka kesi ya ngedere kwa nyani.

Matunda yake yalionekana Januari 2017, alipoapishwa Donald Trump. Picha zilionyesha umati mdogo kuliko wa Barack Obama mwaka 2009, na msemaji wa Ikulu akadai hakujapata kuwa na hadhira ya uapisho kubwa kama ile. Hakukuwa na namba ya idara ya kumjibu. Na si Marekani tu. Hong Kong, Juni 2019, waandaaji wa maandamano walitaja karibu watu milioni mbili, polisi wakataja 338,000 kwenye njia iliyopangwa awali wakati umati ulipofika kilele. Ufaransa vyombo vya habari vimeungana kulipia hesabu huru ya kampuni inayotumia vihisio.

Na sisi Watanzania? Agosti 2015 CCM na muungano wa upinzani, Ukawa, walizindua kampeni zao kwenye viwanja vilevile vya Jangwani, Dar es Salaam, ndani ya wiki moja. Nyomi la kila upande lilibishaniwa mitandaoni, picha kwa picha, na neno mafuriko likawa wimbo wa msimu. Oktoba, Tume ya Uchaguzi ikatangaza asilimia 58.46 kwa John Magufuli wa CCM na 39.97 kwa Edward Lowassa wa Ukawa, na ubishi ukahamia kwenye kura. Miaka imepita, na magazeti yetu bado yanaandika “maelfu ya wananchi”, iwe walikuja elfu tatu au elfu tisini.

Kukadiria umati hakuhitaji satelaiti. Uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140. Ukijaa watu waliosimama kwa kulegea, hao ni elfu saba. Wakibanana hadi wasiweze kupita, ni elfu thelathini hivi. Anayedai amejaza laki moja kwenye uwanja huo anataka tuamini kwamba watu kumi na wanne walisimama ndani ya kila mita moja ya mraba, na jukwaa halijahesabiwa.

Hesabu hiyo inamalizika kwenye simu kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani. Mhariri anayempeleka mwandishi kwenye mkutano wa hadhara angemdai vitu vitatu tu: urefu wa eneo lililojaa, upana wake, na watu wangapi alihesabu kwenye kipande kimoja. Vikikosekana, sentensi ya idadi ifutwe, hata kama imetoka kwa kamanda wa polisi au katibu wa chama.