Namba ya Mpokeaji Asiyeteuliwa

Januari 1973, timu 26 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zilikaa kugawana wachezaji waliokuwa wakimaliza vyuo vikuu vya Marekani. Uteuzi ulikwenda raundi 17 na majina 442 yakatajwa. Jina la Drew Pearson wa Chuo Kikuu cha Tulsa halikuwamo. Pearson alikuwa mpokeaji wa pembeni, yule anayekimbia ukingoni mwa uwanja kuuwahi mpira unaorushwa na kwotabeki. Chuoni alianza akiwa kwotabeki mwenyewe, kisha akabadilishiwa nafasi, hivyo rekodi yake ya kupokea mipira ilikuwa fupi. Hakuna aliyeona sababu ya kumpotezea hata nafasi ya 442.

Dallas Cowboys walimsajili kwa bei ya kutupa. Desemba 28, 1975, katika mechi ya mtoano ugenini Minnesota, Dallas wakiwa nyuma na sekunde zikiyoyoma, kwotabeki wao Roger Staubach alimrushia mpira wa yadi 50. Pearson aliubana kwenye nyonga, akaingia nao eneo la mwisho kufunga tachidauni, na Dallas wakashinda 17 kwa 14. Mwaka 2021 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya Kimarekani.

Je, wasaka vipaji wa timu zote 26 walikuwa vipofu? Hapana. Walitazama walichozoea kutazama, na mazoea hayo yana historia yake.

Uteuzi wenyewe ulianza Februari 1936 katika hoteli moja ya Philadelphia. Kabla ya hapo mchezaji alijiuza mwenyewe, na timu tajiri zilijizolea walio bora. Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikifungwa kila kukicha, alipendekeza aliyeshika mkia achague kwanza. Mwaka huo waliteuliwa 81. Tangu siku hiyo likazaliwa kundi jipya la watu: wale ambao ligi nzima imewaona na kuwapita.

Dick Lane alikuwa mmoja wao. Mwaka 1952, akitoka jeshini na akifanya kazi katika kiwanda cha ndege, aliingia ofisi za Los Angeles Rams akiwa na daftari la vipande vya magazeti vilivyomtaja. Aliomba majaribio kama mpokeaji. Bahati mbaya, Rams walikuwa na Tom Fears na Elroy Hirsch, wapokeaji wawili wa kiwango cha juu kabisa enzi hizo, na mgeni hakuwa na pa kupenyea. Makocha wakamhamishia ulinzi. Msimu huo wa kwanza, katika mechi 12, Lane alinasa mipira 14 ya wapinzani. Rekodi hiyo ya msimu mmoja haijavunjwa mpaka leo, ingawa siku hizi misimu ina mechi nyingi zaidi. Kipaji kilikuwapo tangu alipobisha hodi. Aliyoikosa ni namba ya mpokeaji.

Hapo ndipo hesabu ya nafasi ya mpokeaji asiyeteuliwa inapopaswa kuanzia, na ndipo mashabiki wengi wanapoikosea. Wao huuliza kijana ana kasi gani, ana urefu gani. Ni maswali ya haki, na ligi nayo huyauliza: tangu 1987 vijana wanaotarajiwa kuteuliwa hukusanywa Indianapolis kila mwaka, wanapimwa kimo, wanaruka juu, wanakimbizwa yadi 40 huku wakihesabiwa sekunde. Lakini mkimbio ule hauna beki. Hauonyeshi mpokeaji anavyokata kona kwa ghafla, anavyousoma ulinzi, wala kama kwotabeki atamwamini mpira ukibaki mmoja.

Wes Welker hakualikwa hata kwenye vipimo hivyo. Alitoka Texas Tech mwaka 2004 akiwa na kimo cha sentimita 175 hivi. San Diego Chargers walimsajili, wakamtema baada ya mechi moja. Miami wakamchukua kwa sababu alijua kurudisha mipira ya mateke, na katika mechi moja mwezi Oktoba, mpiga mateke wao alipoumia, Welker akapiga na mateke ya pointi pia. Aliyeandikwa kuwa mfupi mno akawa mtu asiyeachika. New England walimnunua mwaka 2007, wakamweka katikati ya uwanja ambako wepesi una thamani kuliko kimo, na msimu huohuo akapokea mipira 112.

Rod Smith naye alitoka Missouri Southern, chuo kidogo, akasugua msimu mzima wa 1994 katika kikosi cha mazoezi cha Denver. Mpira wake wa kwanza ligini, Septemba 1995 dhidi ya Washington, ulikuwa tachidauni ya yadi 43 katika mchezo wa mwisho wa mechi. Alistaafu na yadi 11,389. Hakuna mpokeaji mwingine wa pembeni asiyeteuliwa aliyefika hapo.

Leo uteuzi una raundi saba tu. Timu huingia kambini na wachezaji 90 na kubaki na 53, na kwa kawaida wapokeaji hawazidi sita. Wanne kati yao hujulikana kabla kambi haijafunguliwa. Anayeipigania nafasi ya tano au ya sita hapewi kwa kudaka tu. Kocha anataka mtu wa kukimbia na kukaba katika vikosi maalumu, vile vya mateke. Adam Thielen, kijana wa Minnesota State, aliingia Minnesota Vikings mwaka 2013 kwa majaribio, akapitia kikosi cha mazoezi, kisha mwaka 2014 akaokota teke lililozuiwa na kulipeleka hadi eneo la mwisho. Kazi hiyo ya jasho ndiyo iliyomweka kikosini hadi zamu yake ya kupokea ilipofika. Mwaka 2018 alifungua msimu kwa mechi nane mfululizo za yadi 100 au zaidi.

Asiyeteuliwa ana faida moja ambayo wengi huidharau: anachagua anakokwenda. Aliyeteuliwa raundi ya saba na timu iliyojaa wapokeaji hana la kufanya. Aliyeachwa anaweza kupokea simu tatu jioni ileile na kuuliza kila timu ina wapokeaji wangapi wenye mikataba, nani anauguza goti, nani anaondoka. Victor Cruz alisajiliwa na New York Giants mwaka 2010 na msimu wake wa kwanza ukaishia kwenye orodha ya majeruhi. Mwaka uliofuata, kati ya wapokeaji wenzake, Steve Smith akahama, Domenik Hixon akaumia goti, Mario Manningham akakosa mechi, na Cruz akaingia dhidi ya Philadelphia na kufunga mara mbili. Alimaliza msimu na yadi 1,536, na Giants wakatwaa ubingwa.