Habari za Ukaguzi wa Vifaa vya Kuzimia Moto katika Vyombo Vilivyofungwa Gatini

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki msomaji atakuta habari za mizani, za barafu, za mikopo ya mashine na za mnada wa samaki, yaani mambo ambayo kwa ajili yake Chama Kikuu chetu kiliundwa miaka kumi iliyopita. Sisi tumeombwa kueleza jambo lililo dogo katika hesabu zetu, lakini lililoleta maneno mengi mikutanoni: desturi yetu ya kukagua vifaa vya kuzimia moto katika vyombo vya wanachama vinapokuwa gatini. Hata leo wako wanaouliza kwa nini mtu aliyezungukwa na maji ahofu moto. Jawabu lake ni refu kidogo, nalo halianzi kwetu. Latupeleka kwanza New York, Marekani, mwaka 1904.

Tarehe 15 Juni ya mwaka ule stima ya matembezi iitwayo General Slocum iliondoka gatini ikichukua watu zaidi ya 1,300, wengi wao wanawake na watoto wa kanisa moja la Kilutheri, watu wa asili ya Kijerumani, waliokuwa wakienda mandarini. Kabla haijafika mbali moto ulishika katika chumba cha mbele, mlimowekwa taa, mafuta na majani makavu. Mabaharia wakafungua mpira wa maji; mpira ukapasuka, kwa maana ulikuwa wa kitani cha bei rahisi, tena umeachwa ukaoza. Watu wakakimbilia maboya ya kuvaa. Maboya yakawachanikia mikononi, na vipande vya gome vilivyokuwa ndani vikamwagika kama unga. Wakafa watu 1,021.

Lakini jambo linalotuhusu sisi si wingi wa maiti. Ni hili: tarehe 5 Mei, siku 41 tu kabla ya msiba, mkaguzi wa serikali alikuwa ameingia katika stima hiyohiyo na kuithibitisha kuwa ni salama. Cheti kilikuwapo. Mpira ulikuwapo, umekunjwa mahali pake. Maboya yalikuwapo, yamepangwa safu kwa safu. Kitu ambacho hakikuwapo ni mtu wa kuufungua mpira ule na kupitisha maji ndani yake. Nahodha alihukumiwa mwaka 1906 kifungo cha miaka kumi, kwa kuwa hakuwazoeza mabaharia wake kuzima moto wala kutunza vifaa, baadaye alisamehewa. Mkaguzi naye alishtakiwa mara tatu, na mara zote tatu wazee wa baraza hawakupatana juu ya hukumu. Sisi hatuna haja ya kuhukumu upya kesi ya watu waliokwisha kufa. Twasema tu kwamba tangu siku ile neno "kimekaguliwa" lilipoteza heshima yake, na hapana budi kila anayelitumia aeleze kilikaguliwa namna gani.

Miaka sita baadaye, mwaka 1910, Marekani ilitunga sheria ya mashua za mashine, na ndani yake iliamriwa kwamba kila mashua ya namna hiyo iwe na kitu tayari cha kuzimia petroli inayowaka. Amri hiyo ilikuwa ya busara, maana petroli si kama kuni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukatulia ngamani, chini ya sakafu, mahali pasipofika upepo, ukangoja cheche moja ya betri au ya jiko la mkaa. Tena ukiimwagia maji petroli inayowaka, huelea juu ya maji na kwenda na moto wake. Ndiyo sababu yule anayetuambia kwamba bahari nzima ni ndoo yake ya kuzimia moto hatumkubalii.

Kwa meli kubwa dunia ilifanya Mapatano ya Usalama wa Maisha Baharini, yaliyotiwa sahihi London mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, na yaliyopo sasa ni ya mwaka 1974. Mapatano hayo yanaeleza habari za moto kwa urefu. Hata hivyo, msomaji akiyafungua mwanzoni ataona yameacha nje vyombo vya uvuvi, meli za mizigo zisizofika tani 500, na vyombo vya mbao vya ujenzi wa kikale. Maneno hayo ya mwisho yamewachekesha na kuwaudhi kwa pamoja mafundi wetu wa majahazi, na hatuwalaumu. Lakini maana yake ni wazi: mashua ya mwanachama wetu, ikiwa sheria ya nchi na mwenyewe hawaiangalii, dunia haiiangalii.

Wengi hudhani hatari iko safarini, na chombo kikifungwa gatini mambo yamekwisha. Habari za meli Noronic zakanusha. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1949 meli hiyo ilikuwa imefungwa gatini mjini Toronto, Kanada, abiria wamelala, na mabaharia karibu wote wameteremka mjini. Moto ulianza katika kabati la shuka. Mpira wa maji ulipofunguliwa haukutoa maji. Nchi kavu ilikuwa hatua chache tu, na zimamoto wa mji walikuja upesi, walakini watu zaidi ya 115 walikufa. Na katika siku zetu hizi, tarehe 27 Januari 2020, moto ulizuka baada ya usiku wa manane katika maegesho ya mashua huko Scottsboro, katika jimbo la Alabama, Marekani. Mashua moja iliwaka, ikawasha jirani yake, na jirani akawasha jirani. Mashua 35 ziliteketea na watu wanane waliokuwa wakilala ndani walikufa. Gatini moto hauulizi chombo ni cha nani. Mwanachama asiyekuwa na mtungi wa kuzimia moto humkopa mwenzake hatari bila kumwomba ruhusa.

Uingereza, kwa mashua za mito na mifereji, ilianzisha mwaka 1997 mpango ambao kwao kila mashua hukaguliwa mara moja katika miaka minne, na vifaa vya moto ni sehemu ya ukaguzi huo. Hapa kwetu Tanzania kazi ya kukagua vyombo na kutoa cheti ilikuwa ya SUMATRA, na tangu mwaka 2018 ni ya TASAC. Ukaguzi huo hatuupunguzi hata kidogo. Lakini kati ya cheti na cheti ziko siku nyingi, na hadithi ya siku 41 tumekwisha kuisimulia.

Basi Chama kilipoamua kuwa na ukaguzi wake, ugumu wa kwanza ulikuwa fedha. Fundi wa mitungi hatoki mjini kwa ajili ya mtungi mmoja. Tulipowaunganisha wenye vyombo wote wa gati moja, safari yake iligawanyika ikawa nyepesi kwa kila mmoja. Ugumu wa pili ulikuwa wa kibinadamu zaidi. Wenye vyombo wengi walikuwa na mitungi, ila waliiweka nyumbani, uvunguni mwa kitanda, kwa kuogopa wezi wa gatini. Siku ya ukaguzi mitungi ikaja imebebwa kwa baiskeli, inang'aa kama ya dukani. Na ukaguzi wa kwanza ulipokuwa ukiendelea, mtungi mmoja mwekundu wenye bonde ubavuni ulionekana katika mashua ya tatu, kisha katika ya saba, kisha katika ya kumi na moja. Fundi aliusalimu kwa jina. Tangu hapo kila mtungi hupigwa namba, na namba huandikwa daftarini pamoja na jina la chombo. Na kwa habari ya wezi, Chama kilinunua vibanio vya chuma, vinavyofunguka kwa mkono mmoja ila kwa kelele.

Fundi naye alitufundisha kutoamini macho. Mtungi wa poda huwa na mshale, na mshale ukiwa penye kijani watu huridhika. Kumbe poda kwa mtikisiko wa mashine hushindiliwa chini ikawa kama saruji, na mtungi ukifyatuliwa hutoa pumzi tupu. Hapana budi upinduliwe na kupigwapigwa kitakoni, na fundi aufungue kwa muda wake. Mtungi wa kabonidioksaidi hauna mshale hata kidogo; huwekwa mizanini, na ukipungua sehemu ya kumi ya hewa yake hujazwa upya. Mizani tunayo, ileile ya samaki, baada ya kuoshwa vizuri. Aidha pini na lakiri huangaliwa, kutu ya chumvi huparuzwa, na mpira wa pampu hufunguliwa na maji kupitishwa mpaka mwisho, watu wote wakitazama.

Wako waliotaka karani wa Chama afanye kazi hii ili kuokoa gharama. Mkutano mkuu ulikataa, nasi twaona ulikataa kwa haki. Karani ni jirani wa kila mtu, na ni shida kumwandikia jirani "hafai" kisha ukaswali naye Ijumaa. Fundi mgeni huandika na kuondoka. Kazi ya karani ni kulitunza daftari, na kuzuia petroli ya mkopo kwa chombo ambacho namba yake haikuonekana gatini.

Siku za ukaguzi zimewekwa katika mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao wakati mwezi unapong'aa, na vyombo karibu vyote huwa vimefungwa. Watu wa mishipi wameomba siku yao iwe katika maji mafu. Ombi hilo liko mbele ya Halmashauri, nalo litasomwa katika mkutano ujao pamoja na hesabu za vibanio.