Kupiga marufuku bastola mjini: je, uhalifu hupungua?

Kila tunaposoma habari ya watu kupigwa risasi Marekani, ujumbe huanza kuingia kwenye simu ya studio. Wengi wenu huuliza swali moja: kwa nini wasizipige marufuku tu hizo bastola? Wengine hulirudisha nyumbani. Kwa nini hapa Pwani mfanyabiashara aruhusiwe kutembea na bastola kiunoni? Dar es Salaam ikipiga marufuku, si sisi wa Bagamoyo tutalala salama zaidi?

Tumeona tuandike kwa kirefu, kwa sababu hewani dakika tano hazitoshi. Jibu letu kwa ufupi ni hili: marufuku inaweza kupunguza vifo vya risasi, hasa pale ambapo bunduki haipatikani kirahisi kwa jirani. Lakini marufuku ya mji mmoja peke yake, katikati ya nchi yenye silaha nyingi, haifiki mbali. Na hapa kwetu, bunduki zilizoua watu wengi katika miaka ya karibuni hazikuwa za watu wenye leseni.

Tuanze na miji iliyojaribu

Washington, mji mkuu wa Marekani, ulizuia watu kumiliki bastola mpya kuanzia mwaka 1976. Chicago ikafuata mwaka 1982. Sheria ya Washington ilivunjwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 2008. Ya Chicago ilikwama mwaka 2010, baada ya mahakama hiyo hiyo kusema kwamba katiba yao inampa mtu haki ya kuwa na bastola nyumbani kwake.

Watafiti waliochunguza Washington walichapisha matokeo yao mwaka 1991. Walikuta kwamba baada ya sheria kuanza, mauaji ya bunduki na watu kujiua kwa bunduki vilipungua kwa karibu robo, wakati maeneo ya jirani yasiyo na sheria hiyo hayakuona mabadiliko ya namna hiyo. Ingeishia hapo tungesema kesi imefungwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliingia madawa ya kulevya ya bei rahisi, vijana wakaanza kugombea mitaa ya kuuzia, na mwaka 1991 huohuo mji ule mdogo ulizika watu zaidi ya 450 waliouawa. Marufuku ilikuwa bado ipo. Chicago nayo, ikiwa na marufuku yake, ilipoteza watu zaidi ya 900 mwaka 1992. Mauaji yakapungua sana miaka iliyofuata, sheria ikiwa ni ileile.

Kwa hiyo anayesema marufuku ilipunguza mauaji ana mwaka wa kuonyesha, na anayesema iliyaongeza naye ana wake. Ndiyo maana ubishi huu hauishi. Ukweli ni kwamba mauaji hupanda na kushuka kwa sababu nyingi: madawa, ajira, magenge, polisi kuaminika au kutoaminika. Sheria ya bunduki ni kamba moja katika wavu wenye kamba nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji wa Bagamoyo atalielewa haraka. Chukulia Jiji la Dar es Salaam limepiga marufuku bastola, lakini duka la bastola liko Mapinga, ng'ambo tu ya daraja la Mpiji. Mhalifu wa Bunju atapata shida gani? Atapanda daladala. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Chicago. Polisi wa mji huo walipofuatilia bunduki walizokamata, zaidi ya nusu zilikuwa zimenunuliwa kwanza nje ya jimbo lao, na jimbo la jirani la Indiana, ambalo sheria zake ni nyepesi, liliongoza.

Nchi nzima ikizuia je?

Uingereza ilifanya hivyo. Machi 1996 mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi huko Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola alizotumia alizimiliki kihalali. Mwaka uliofuata bastola zikapigwa marufuku karibu kabisa, na wananchi wakasalimisha zaidi ya 160,000 kwa kulipwa fidia.

Wengi wangetarajia uhalifu wa bastola ushuke mara moja. Haukushuka. Kwa miaka kadhaa uliendelea kupanda, ndipo ukaanza kuteremka. Sababu haihitaji elimu ya chuo kikuu: waliopanga foleni kurudisha bastola walikuwa watu wa kulenga shabaha kwenye vilabu, si vijana wa magenge. Hata hivyo Uingereza haijapata tena tukio la shule kama la Dunblane, na polisi wake wengi bado wanatembea bila bunduki. Tukio la Cumbria la mwaka 2010, ambako mtu mmoja aliua watu 12, lilifanywa kwa bunduki mbili ndefu ambazo sheria ilikuwa bado inaziruhusu.

Australia ilipoteza watu 35 huko Port Arthur mwaka huohuo wa 1996, ikanunua kutoka kwa wananchi bunduki zipatazo 650,000 na kuziharibu. Vifo vya risasi vimepungua sana, hasa vya watu kujiua. Hilo la kujiua huwa halisemwi, nasi tunalisema: mtu aliyekata tamaa akiwa na bunduki mkononi hapati nafasi ya pili. Wengi wanaokosa bunduki wakati ule huokolewa, na huishi.

Nchi hizo mbili ni visiwa vyenye forodha yenye nguvu. Jamaika nayo ni kisiwa, ikatunga sheria kali sana mwaka 1974 na mahakama maalumu ya bunduki. Mpaka leo imebaki miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi duniani, kwa sababu silaha zinaingia kwa boti na makontena. Bahari peke yake si ukuta. Sisi wa pwani, wenye bandari bubu kila penye mikoko, tunalijua hilo bila kuambiwa.

Karamoja: upande mmoja ukinyang'anywa

Mfano wa karibu nasi zaidi ni Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwaka 2001 serikali iliwaomba wafugaji wasalimishe bunduki kwa hiari, na maelfu zikatolewa. Lakini Waturkana na Wapokot wa Kenya walikuwa bado na zao. Waliosalimisha wakavamiwa, ng'ombe wakaenda, na wengi wakatafuta bunduki upya. Mwaka 2006 jeshi likarudi, safari hii kwa nguvu, na malalamiko ya kupigwa na kuteswa raia yakawa mengi. Utulivu ulikuja baadaye, lakini uvamizi ukarudi tena.

Tunaona Karamoja inafundisha kuliko Chicago. Mtu huweka silaha chini akiamini kwamba kuna anayemlinda. Kama hakuna, anayetii ndiye anayeumia.

Hapa nyumbani sheria inasemaje

Tanzania haijapiga marufuku bastola, ila imezifungia ndani ya leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya 1991. Anayetaka bunduki au bastola huanzia serikali ya kijiji au mtaa wake, maombi yakapita kwenye kamati za ulinzi na usalama na polisi wa wilaya na mkoa kabla ya kufika kwa msajili. Lazima aeleze anaitaka ya nini, na aonyeshe kwamba anajua kuitumia na kuihifadhi. Kukutwa na silaha bila kibali ni kosa linaloingia kwenye makosa ya uhujumu uchumi, na watu wanafungwa miaka mingi kwa ajili yake.

Matokeo yake, kwa makadirio ya kimataifa, raia wa Tanzania wana bunduki chini ya moja kwa kila watu 100, ukijumlisha za halali na za haramu. Marekani wana zaidi ya 120 kwa kila watu 100, yaani bunduki ni nyingi kuliko watu. Kwa hiyo anayepima hali yetu kwa kipimo cha Chicago anapima mchele kwa rula.

Mwaka 2016 Dar es Salaam ilifanya jambo lililokaribia zaidi swali letu. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, aliwataka wamiliki wote wa silaha wazipeleke kuhakikiwa, na Rais John Magufuli mwenyewe alihakikiwa za kwake. Ilisaidia kujua nani anamiliki nini, na nani amekufa huku bastola yake ikiwa bado kabatini. Lakini jambazi hakwenda kuhakiki.

Na bunduki za majambazi zilitoka wapi? Tukumbuke Julai 2015, kituo cha polisi Stakishari, Ukonga. Watu walivamia usiku, wakaua polisi na raia, wakaondoka na bunduki za serikali. Baadhi ya silaha hizo zilikuja kupatikana zikiwa zimefukiwa msituni Mkuranga, mkoani kwetu Pwani.

Kisha ikaja Kibiti. Kati ya 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, waliuawa watu zaidi ya 30: wenyeviti wa vijiji, watendaji, viongozi wa chama, polisi. Wengi walipigwa risasi usiku, wauaji wakiwa kwenye pikipiki. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja eneo la Mkengeni, na silaha zao zikachukuliwa. Hapo kila shambulio lilizaa silaha za shambulio linalofuata. Hakuna marufuku ya bastola ya mfanyabiashara wa Kariakoo ambayo ingeligusa hilo.

Serikali ilianzisha kanda maalumu ya kipolisi Rufiji, ikazuia pikipiki kutembea usiku, ikafanya operesheni misituni. Mauaji yakakoma. Lakini gharama haikuwa ndogo. Bodaboda walikosa riziki ya usiku, wagonjwa na wajawazito wakakosa usafiri, na kuna watu walioondoka wasionekane tena, akiwemo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyetoweka Novemba 2017 akiwa Kibiti. Tunalitaja jina lake kwa sababu ni mwenzetu wa kazi, na kwa sababu anayehesabu faida ya operesheni ahesabu na hili.

Gobole la mkulima

Bastola kwa vijiji vingi vya Bagamoyo na Chalinze ni kitu cha kwenye runinga. Silaha inayojulikana huku ni gobole. Linatengenezwa kienyeji kwa bomba na baruti, na ukiuliza utaambiwa ni la nguruwe pori. Mwenye shamba la mahindi Miono au Matipwili, karibu na Hifadhi ya Saadani, anajua usiku mmoja wa nguruwe unavyoweza kumaliza kazi ya msimu.

Sheria haitofautishi nia yako. Gobole lisilo na kibali ni silaha haramu, na likikutwa na nyama ya porini kesi inakuwa nzito maradufu. Tena gobole hulipuka usoni mwa mwenyewe, na likiibwa halitumiki tena kwa nguruwe. Lakini tuseme wazi: ukimwambia mkulima atoe gobole bila kumpa jibu la nguruwe, umemwachia njaa. Halmashauri na hifadhi zina askari wanyamapori wenye kazi ya kushughulikia wanyama waharibifu. Kijiji kinachoandika taarifa mapema na kudai askari hao waje kina hoja, hata kama wanachelewa.

Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Septemba na Oktoba 2022, kwa mfano, aliyepeleka silaha haramu kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji hakushtakiwa. Nafasi hizo zina tarehe ya mwisho. Nje ya tarehe, usibebe silaha barabarani ukidhani utaeleweka. Mtangulize mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, au polisi kata, wajue kabla, wakuelekeze jinsi ya kuikabidhi.

Wazee wanapofariki, familia hugawana shamba na mabati na kuisahau bunduki ya leseni juu ya dari. Leseni haiachwi kwa urithi. Ipelekwe taarifa polisi haraka pamoja na kitabu chake, na kama kuna mtoto anayeitaka, aombe upya kwa jina lake. Ukiokota silaha au risasi shambani au ufukweni, usiiguse wala usiipige picha kuirusha kwenye makundi ya simu. Wazuie watoto, weka alama mahali hapo, na upige 112.