Feza ya Nyundo: Mfalme Mgeni na Mafundi wa Uingereza

Mtu akishika franka mkononi haulizi ni nani aliyeitengeneza. Anauliza moja tu: itapokelewa sokoni? Ju ya swali hilo tunapenda kueleza hapa habari ya Knut, mgeni kutoka Denmark aliyekuwa mfalme wa Uingereza tangu 1016 mpaka kufa kwake 1035.

Knut aliingia kwa vita. Mwaka 1018 Waingereza walilipa kodi ya ratili 72,000, na London peke yake ratili 10,500. Ndivyo kitabu chao cha tarehe kinavyosema. Ratili moja ilihesabiwa peni 240 za feza. Tuwaze basi mzigo ule juu ya wakulima!

Lakini mfalme huyu hakuvunja kazi aliyoikuta. Peni ilitengenezwa kwa mkono. Fundi aliweka kipande chembamba cha feza kati ya mihuri miwili ya chuma: ule wa chini umesimikwa katika gogo, ule wa juu ameushika. Kisha nyundo ikapiga. Upande mmoja kikatoka kichwa cha mfalme na jina lake. Upande wa pili msalaba, jina la fundi na la mji wake. Peni ikiwa na kasoro, mwenye kuitengeneza alijulikana mara moja. Kwa kununua vitu vidogo, watu waliikata vipande viwili ao vinne.

Tangu karibu mwaka 973, wakati wa mfalme Edgar, feza ilibadilishwa sura kila mara. Knut aliendelea hivyo: kwanza alionekana na taji, kisha na kofia ya chuma yenye ncha, mwisho na utepe wa kifalme kichwani. Sheria yake iliamuru feza moja kwa inchi nzima. Mwenye kutengeneza ya uongo akatwe mikono, wala asijikomboe kwa zahabu. Hata kwao Denmark alipiga peni kwa mfano wa Kiingereza, hasa Lund, mji ulio leo katika Sweden.

Tunajifunza nini? Wengine husema mgeni akitawala, desturi zinakufa. Si kila mara. Hatumsifu Knut kwa huruma, maana feza nzuri aliihitaji ju ya kodi yake mwenyewe. Lakini alifahamu kwamba upanga unampa mtu kiti, haumpi imani ya soko. Imani ile ilikuwa mikononi mwa mafundi. Na majina yao, watu wadogo wenye nyundo, yanasomwa mpaka leo kwenye feza moja na jina la mfalme.